Dawa za Kuzeeka

Diba Guracha alianza kuchunga ng'ombe kabla hajang'oka meno ya utoto, akaendelea mpaka ndevu zikaingia mvi, kisha ukaja ukame mmoja ukamwacha hana cha kuchunga.

Ukame wenyewe haukuja kwa kishindo. Uliingia taratibu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Kwanza yaliisha majani, yakafuata maji ya mabwawa, mwisho ikaisha subira ya ng'ombe wenyewe. Jioni walilala, asubuhi hawakuamka. Kote katika nyanda za Tana, wafugaji Waorma walionekana wakitembea na fimbo mabegani na nyuma yao hakuna kwato zinazofuata. Diba akabaki na ng'ombe mmoja, Diima, jina ambalo kwa lugha yao maana yake ni nyekundu. Na huyo Diima naye akaanza kukohoa.

Diba akaenda mnadani Garsen, akanunua chupa ya dawa kwa mchuuzi mpita njia aliyekuwa ametandika gunia kwenye kivuli cha lori. Chupa ilikuwa na picha ya ng'ombe mnene anayeng'aa. Akamdunga Diima kwa mkono wake mwenyewe, akaketi kando yake, akamkuna shingo, akingoja. Diima alikata roho jua likiwa bado halijafika utosini. Kesho yake Diba akampelekea afisa wa mifugo ile chupa. Afisa aliiinua juani, akaigeuzageuza.

"Mzee, labda ni maji ya rangi," alisema. "Labda ilikuwa dawa ya kweli ikaungua na joto. Kwa macho siwezi kujua."

Maneno hayo yalimwingia Diba kama mwiba wa mgunga, ule unaokatikia ndani ya nyama. Yeye ambaye angemtazama mtamba kwa mbali akajua kama ana mimba, alikuwa ameshika sindano yenye kitu ambacho hakuna jicho la mtu lingeweza kukitambua.

Yeye na mkewe Kaltuma wakahamia pembeni mwa mji wa Garsen, kwenye mwinuko mdogo upande wa mtoni. Mtoto wao Jibril, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, aliwasaidia kuezeka mabati. Kaltuma, aliyekuwa akiuza maziwa maisha yake yote, sasa akawa anawauzia chai abiria wa mabasi ya Lamu na Malindi. Diba aliketi mlangoni na fimbo yake mapajani. Alfajiri, kabla akili haijamrudia vizuri, alikuwa akisikia kengele za mti zikigonga shingoni mwa ng'ombe wake, karibu kabisa, kama wanapita nyuma ya ukuta. Akifungua macho, ni Kaltuma anayekoroga chai.

Ndipo alipokuja Rayyan.

Alikuwa kijana mrefu wa Kipini, aliyesomea mambo ya dawa na sasa anafanya kazi Nairobi, katika makao makuu ya shirika linaloweka viwango vya ubora wa dawa. Alishuka kwenye gari lililojaa vumbi, akatoa salamu, akaketi kwenye mkeka bila kungoja kuletewa kiti. Hilo lilimpendeza Diba. Rayyan alinyoosha mkono kuelekea kile chumba cha udongo na mabati kilichokuwa ubavuni mwa nyumba, ambamo Kaltuma alikuwa akihifadhi vibuyu vya maziwa siku za neema.

"Mzee wangu, chumba kile kina nini?"

"Hakina kitu. Kina joto tu."

Rayyan akacheka. "Basi nimekifuata hicho hicho. Sisi twataka joto lako."

Akamweleza. Dawa ikishatengenezwa, alisema, haikai vile ilivyo milele. Inazeeka kama mtu. Penye baridi inazeeka polepole, penye joto na unyevu inazeeka mbio, na kuna mahali inakufa kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye boksi. Pale makao makuu wana vyumba vya mashine vya kuijaribu, lakini wakubwa wake sasa wanataka kujua dawa inaishije kwenye joto lenyewe, katika duka la kawaida la mji kama Garsen. Wataweka rafu, watapanga dawa, na kila baada ya miezi kadhaa yeye Rayyan atakuja kuchukua baadhi zikapimwe.

"Na mimi kazi yangu?"

"Kuwa nazo. Usizihamishe, usizifunike, usizipepee. Na asizinywe mtu yeyote, mzee. Hata mmoja. Hizi si dawa za kunywa, hizi ni dawa za kuzeeka."

Diba aliigeuza fimbo yake mapajani. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mtu tangu siku ya Diima. "Nyinyi huko mnaweza kujua? Dawa nzima na dawa iliyokufa, mnaweza kuzitenganisha?"

"Hiyo ndiyo kazi yetu."

"Basi," Diba alisema, "lete. Hii ni kazi ya kuchunga. Mimi naijua."

Rafu zikaletwa. Zikapangwa boksi za vidonge, chupa za dawa ya maji ya watoto, matone ya macho, mirija ya marhamu. Ukutani kikatundikwa kijisanduku cheupe cha kupimia joto, chenye taa moja ya kijani iliyopepesa kama jicho la mtu anayesinzia. Watu wa Garsen walipopita na kuchungulia walisema Diba amefungua duka la ajabu, lenye bidhaa tele na halina mnunuzi. Diba alihamisha mkeka wake, akaketi mbele ya mlango huo mpya, na fimbo yake mapajani.

Siku zikaanza kupita kwa namna nyingine. Mchana, jua liliposimama juu ya Garsen na mji wote ukalala, mbuzi chini ya malori na watu chini ya vibaraza, mabati ya kile chumba yalitanuka yakalia tak, tak, na Diba akahisi dawa zinapumua. Alizitazama rafu kwa rafu. Hazikufanya lolote. Vidonge vilikaa kimya ndani ya boksi zao, na chupa zilibeba nuru ya mlangoni kila moja kwa rangi yake, nyekundu, asali, kijani cha majani machanga. Lakini yeye alijua kuna kitu kinatokea ndani, polepole, mahali ambapo jicho halifiki. Wakati mwingine alijikuta anazipigia mluzi wa chini, ule wa kuwatuliza ng'ombe wanapolala.

Na mara nyingi akasinzia hapo hapo, akaota makao makuu.

Alikuwa hajawahi kufika. Alimuuliza Rayyan kila alipokuja, naye Rayyan, aliyependa kusimulia, akamjibu kipande kipande, na kutokana na vipande hivyo Diba akajijengea jumba. Katika ndoto lilikuwa jeupe kama chumvi. Halikuwa na vumbi. Watu wake walivaa nguo nyeupe kama mahujaji na walizungumza kwa sauti za chini, na vyumba vilifuatana, kimoja kinafungukia kingine, bila mwisho. Ng'ombe wake walitembea humo, wote, hata wale aliowasahau sura, na kwato zao hazikulia sakafuni. Mtu mmoja mwenye nguo nyeupe alisimama mlangoni akimgusa kila ng'ombe paji la uso na kusema: huyu mzima, huyu mzima, huyu mzima. Diba aliamka daima kabla ya kufikia zamu ya Diima.

"Umeota tena nyumba yako?" Kaltuma alimuuliza akirudi na birika zake.

"Nimeota."

"Siku utakayofika kweli utaikuta ni nyumba kama nyingine, Baba Jibril. Ina choo na ina mfagiaji."

"Hata hivyo."

Mwaka ukakaribia kugeuka, na mvua ikaja. Hii nayo haikujua kiasi. Ilinyesha huko juu milimani, ikanyesha Garsen, na Mto Tana ukavimba, ukaacha njia yake ukaanza kutembea mashambani. Haukuwa na ghadhabu. Maji yalipanda bila sauti, rangi ya chai ya maziwa, yakapita katikati ya mahindi, yakaingia majumbani kupitia mlangoni kama wenye nyumba. Barabara ikazama. Mnara wa simu ukanyamaza. Kutoka kwenye mwinuko wake Diba aliona mbingu juu na mbingu chini, na miti imesimama katikati haijui iko ya upande gani.

Siku hiyo ndipo mtumbwi ulipotokea upande wa kijiji cha Wema, unasukumwa kwa upondo na mwanamume aliyelowa chapachapa. Alikuwa ni Masha, mkulima Mgiriama ambaye Diba alimfahamu vizuri, kwa sababu zamani ng'ombe wa Diba waliwahi kuingia shambani kwake wakala mahindi yakiwa machanga, na wawili hao waligombana mpaka chifu akaitwa. Ndani ya mtumbwi alikuwemo mkewe, Lorna, amekaa juu ya gunia la mbegu, kuku wawili mapajani.

"Mzee Diba," Masha aliita kutoka majini, "nyumba yetu imeenda. Hapa kwako ndipo pakavu pekee ninapopaona."

Diba akaingia majini hadi magotini akauvuta mtumbwi. Kaltuma akawapa chumba cha mbele na kanga kavu, akawapikia ugali. Kuku wa Lorna wakalala juu ya kinu. Watu wanne wakaishi humo, Waislamu wawili na Wakristo wawili, kila mmoja akiomba kwa namna yake kwamba maji yasipande hatua nyingine. Ile kesi ya mahindi haikutajwa. Jioni Masha alimwonyesha Diba namna ya kutega kambare pale palipokuwa na njia ya mbuzi, nao wakacheka kama watoto.

Kisha Lorna akaanza kutetemeka.

Ilikuwa homa ile inayojulikana na kila mtu wa mtoni, baridi mifupani halafu moto, halafu jasho, halafu baridi tena. Siku iliyofuata hakuweza kuinua kichwa. Midomo ilimkauka na maneno yakaanza kumtoka ovyo. Alimwita mama yake aliyekufa zamani, akamwambia asogeze mguu, samaki wanapita.

Masha alitoka chumbani, akazunguka nyumba, akasimama mbele ya mlango wa dawa. Alikuwa amekwisha kuziona. Kwenye rafu ya pili, boksi zimepangwa vizuri, maandishi yake yanasomeka: vidonge vya malaria.

"Mzee Diba. Hizi ni dawa ama si dawa?"

"Ni dawa."

"Za malaria?"

"Za malaria. Lakini si za kunywa, Masha. Zimekaa kwenye hili joto karibu mwaka. Zinapelekwa Nairobi kupimwa. Hakuna anayejua kama bado ziko hai."

"Mke wangu yuko hai. Huyo ndiye ninayemjua mimi."

Kaltuma alikuwa ametokea nyuma yao. Akasema kwa Kiorma, ili mgeni asisikie: "Mpe, Baba Jibril. Zikiwa nzima zitamponya, zikiwa zimekufa hazitamwongezea kitu."

Diba akaingia ndani, akaitwaa boksi moja. Ilikuwa nyepesi mno. Akaisogeza karibu na macho, akaitazama karatasi yake isiyokunjamana, rangi yake isiyofifia, tarehe yake ambayo bado haijafika. Akaliona tena gunia lililotandikwa kivulini mwa lori, na ng'ombe mnene anayeng'aa kwenye karatasi. Alifungua simu, simu haikuwa na mtandao. Kijisanduku cha ukutani kikapepesa jicho lake la kijani. Diba aliposimama hapo ilikuwa kama saa imeacha kutembea, na mabati juu yake yakawa kimya kwa sababu jua lilikuwa limefichwa.

Akairudisha boksi mahali pake.

"Nikimpa hii, wewe utakaa ungoje apone," alimwambia Masha. "Mimi najua kungoja huko. Utakaa umemshika mkono, utangoja, na siku itaisha. Siwezi. Twende hospitali ya Garsen. Sasa hivi. Nitakwenda na nyinyi."

"Kuna mkondo pale kwenye barabara iliyozama. Kuna mamba."

"Najua."

Masha alimtazama kwa macho ambayo Diba hakuyasahau. Hayakuwa ya hasira. Yalikuwa ya mtu anayeona mlango umefungwa na aliye ndani anaonekana dirishani. Kisha akageuka akamchukua mkewe mikononi, akamlaza kwenye mtumbwi, na Kaltuma akamfunika Lorna kwa shuka yake mwenyewe.

Mji haukuwa mbali, lakini maji yaliwalazimisha kuzunguka kupitia mashambani, wakaenda mchana kutwa. Masha alishika upondo nyuma, Diba akakaa mbele akiisukuma kando miti inayoelea kwa fimbo yake ya kuchungia. Mtumbwi ulipita juu ya mashamba. Chini yao, maji yalipotulia, mahindi yalionekana yamesimama wima, yanayumba taratibu kana kwamba huko chini kuna upepo wake, na samaki wanapenya kati ya mashina. Walipita paa la mabati lenye paka mmoja. Walipita kibao cha barabarani kinachoonyesha njia ya Lamu. Pale penye mkondo mtumbwi uligeuka mara mbili kama jani, Masha akapiga kelele kwa Kigiriama, Diba akamwita Mungu kwa Kiorma, na mtumbwi ukanyooka. Kwa muda mrefu baadaye Lorna peke yake ndiye aliyezungumza, kwa sauti nyembamba, na watu wasiokuwepo.

Hospitalini aliwekewa maji ya mshipani na kuchomwa sindano. Muuguzi alisema wamemfikisha, lakini si mapema. Siku tatu hakujitambua, na alipopata fahamu nywele zilimnyonyoka na mikono ikawa haina nguvu ya kushika hata jembe. Alipona. Lakini Masha hakurudi kwenye mwinuko. Alikwenda na mkewe kwenye kambi ya waliokimbia maji, na maji yalipopungua wakarejea Wema. Kuku wawili alituma mtu awachukue. Wakikutana sokoni na Diba, Masha alitazama upande mwingine kama anayetafuta mtu.

Diba hakumlaumu. Wiki chache baada ya maji kushuka Rayyan alifika, akachukua boksi za zamu hiyo, na Diba akamweleza yote. Rayyan akasema alifanya vizuri. Diba akawa anaketi mlangoni kama zamani, ila sasa alizitazama zile za rafu ya pili kwa namna nyingine, kama mchungaji anayemjua mmoja katika kundi anayemficha kitu.

Muda wa zile dawa ulipotimia, Rayyan alikuja na gari kuchukua zote zilizobaki. Zikapangwa ndani ya masanduku. Diba akasimama kando, amevaa kikoi kipya na koti la Jibril.

"Mzee, wenda wapi?"

"Mchungaji hawapeleki wanyama nusu ya njia."

Rayyan akampigia simu mkubwa wake, wakazungumza, wakacheka, na Diba akapanda.

Ilikuwa Julai, na Nairobi ilikuwa na ile baridi yake ya mawingu ya chini. Makao makuu hayakuwa meupe kama chumvi. Yalikuwa jengo la kijivu la ghorofa chache, lenye bustani ya maua na mlinzi anayekunywa chai, na kama alivyosema Kaltuma, kulikuwa na mfagiaji. Lakini walipoingia ndani, wakavalishwa makoti meupe, Rayyan na yeye, Diba akahisi miguu yake inapungua uzito, maana vyumba vilifuatana kweli, na sauti zilikuwa za chini kweli.

Katika chumba kimoja kulikuwa na vyombo vya kioo vyenye maji ya uvuguvugu, na ndani yake makasia madogo yanazunguka polepole, polepole. Kila chombo kilikuwa na kidonge kimoja. Kidonge kilizama, kikakaa chini, kikaanza kuachia wingu jeupe.

"Hapa ni tumboni, mzee," Rayyan alinong'ona. "Twatazama dawa ikiingia mtu yayeyuka vipi."

Katika chumba kingine palikuwa na mizani iliyofungiwa ndani ya kioo, kwa sababu hata pumzi ya anayepima ingeuyumbisha uzito. Diba akaziba pumzi yake, asije akaharibu kitu. Na kwenye friji yenye kufuli, mwanamke mmoja mwenye miwani aliwaonyesha kichupa kidogo kuliko kidole, chenye unga wa kutosha ncha ya kisu.

"Huu hauponyi mtu," alisema. "Huu ndio unga wa dawa iliyo safi kabisa, tunautumia kupimia nyingine. Dawa yoyote ikiletwa tunaiuliza swali moja tu: unafanana na huyu?"

Diba akautazama ule unga kwa muda mrefu. Akauliza kama anaweza kuupa salamu. Yule mwanamke alitabasamu, akasema hakuna kanuni inayokataza. Diba akausalimia kwa Kiorma.

Lakini baridi ilikuwa imemwingia. Meno yalimgongana, na vidole vikawa vya rangi ya majivu. Rayyan akamtazama kwa huruma, akampeleka mwisho wa ukumbi, akafungua mlango mnene kama wa lori la nyama. "Ingia, mzee. Chumba hiki twakiita Garsen."

Joto likamkumbatia. Lilikuwa lenyewe, la mchana, zito, lenye unyevu wa mto. Rafu zilikuwa zilezile na boksi zilezile. Hizi, Rayyan alisema, zilizaliwa siku moja na zako, kiwanda kimoja, ila hizi zililelewa na mashine. Akamletea kiti, akamwambia apumzike kidogo, wasimamizi hawapendi watu humo, akaurudisha mlango.

Diba alikaa. Mashine ilivuma mahali fulani kama nyuki walio mbali. Joto lilikuwa sawa, lakini halikuwa na harufu yoyote, si ya samadi, si ya matope, si ya moshi wa Kaltuma. Ilikuwa Garsen ambamo Mungu bado hajaweka watu. Macho yakamwelemea. Wakaja ng'ombe. Safari hii hawakutembea, walikuwa wamelala kati ya rafu, wanacheua, wengi wao, pumzi zao zikitoa ule uvuguvugu aliodhani ni wa mashine. Diima alikuwa karibu na mlango. Aliinua kichwa, akamtazama bila haraka, akarudi kucheua. Mwenye nguo nyeupe hakuwepo, na hakuna aliyemwambia nani mzima na nani si mzima. Diba akanyoosha mkono akamkuna shingo.

Rayyan alipofungua mlango alimkuta mzee uso umelowa, na hakujua kama ni jasho.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," Diba alisema. "Zile za malaria. Ulizochukua baada ya mafuriko. Zilikuwa hai?"

Rayyan alisita, kisha akampeleka kwenye kompyuta, akatafuta. "Zilikuwa hai, mzee. Nzima kabisa, hazijapungua kitu. Dawa ya maji ya watoto, iliyokuwa rafu ya chini, ndiyo ilikuwa imekufa karibu nusu, na ukiitazama chupani ni ileile. Kwa hiyo hata wewe ulifanya vizuri, usingeweza kujua ipi ni ipi."

"Sikuuliza kama nilifanya vizuri," Diba alisema taratibu. "Nimeuliza kama zilikuwa hai."

Aliporudi Garsen alimweleza Kaltuma kwanza. Kaltuma aliacha kukoroga. "Basi nyamaza," alisema. "Masha hajui. Kwa nini umpelekee mtu jiwe lililokwisha kuzama?"

"Ni lake."

Alipanda bodaboda hadi Wema. Masha alikuwa shambani, kwenye udongo mweusi ulioachwa na mafuriko, anachimba mashimo ya kupandia mahindi. Lorna alikuwa ameketi kwenye kiti cha chini karibu na nyumba mpya ya udongo, anapepeta pojo. Nywele zake zilikuwa zimeota tena, fupi, kama za msichana wa shule.

Diba akasimama mwisho wa shamba, hakukanyaga mistari.

"Masha. Nimetoka Nairobi kule dawa zinakopimwa. Zile dawa za siku ile zilikuwa nzima. Ningempa, zingefanya kazi. Nimekuja kukuambia."

Jembe likasimama hewani, kisha likashuka. Masha akachimba shimo, akachimba lingine. Ndege walikuwa wakilia kwenye matete. Mwishowe akasema bila kuinua uso, "Ungeweza kukaa na hilo neno lako kwako."

"Ningeweza."

"Mimi nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba zilikuwa mbovu. Nilikuwa naelekea kukusamehe."

Diba alifikiria kuondoka, lakini Lorna alikuwa amemwita. "Baba, njoo huku kivulini, jua ni kali." Akamsogezea kinu akalie. Akaendelea kupepeta kitambo, kisha akasema, "Siku ile mimi niliona mahindi yetu chini ya maji, na samaki ndani yake. Nimemwambia Masha, anasema ni homa."

"Si homa," Diba alisema. "Nami niliyaona."

Lorna akacheka kidogo, amefurahi. "Masha! Umesikia? Yalikuwepo!" Masha akaendelea kuchimba. "Haya, baba, niambie hiyo nyumba. Iko vipi?"

Diba akamsimulia. Akamweleza tumbo la kioo na makasia yake, na kidonge kinavyotoa wingu, na mizani inayoogopa pumzi. Akamweleza unga usioponya mtu, ambao nyingine zote zinaulizwa kama zinafanana nao, na namna alivyousalimia. Lorna alisikiliza ungo ukiwa umetulia mapajani. Upande wa shamba, jembe liligonga mara moja, likakaa, likagonga tena, likawa linachelewa kila mara zaidi ya mara iliyotangulia.

"Huo unga," Masha alisema ghafla, mgongo bado umeelekea kwao. "Nani aliupima wenyewe wa kwanza? Waliulinganisha na nini?"

Diba akafungua mdomo, akaufunga. Hakuwahi kuliwaza hilo. "Sijui," alisema. "Sikuuliza."

Masha akalichomeka jembe udongoni, akaja akachuchumaa kwenye kivuli, mbali kidogo nao, akijifuta shingo. "Hilo ndilo ungeuliza," alisema. Na Lorna akainuka kwenda kutafuta maji ya kunywa.